Kuwa na shaka si kuachwa na Mungu

Pole sana, dada yangu. Umesema tangu umzike mwanao hata Baba Yetu huimalizi, na unauliza kama Mungu bado anampenda mtu mwenye shaka. Anampenda. Nimepita hapo. Baada ya msiba wa mama nilikuwa nakaa benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani, wenzangu wakiimba mimi nahesabu vigae vya sakafu.

Kilichonishika ni yule baba wa Marko 9:24, mwenye mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza; alimponya mtoto. Wako hakupona, najua, na kwa hilo sina jibu la kukupa. Lakini soma Zaburi 88. Inaanza kwa kilio, inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia kama sala. Basi lia mbele zake, mlalamikie.

Wanaokwambia huna imani ya kutosha, waache wapite. Tafuta mama mmoja kanisani anayejua kunyamaza, mwombe akae nawe jioni. Ukishindwa kusali, atasali yeye, wewe itikia amina tu.