Hatia katika riwaya za Kirusi: maswali yenu

Raskolnikov, mhusika mkuu wa Uhalifu na Adhabu, alijiona ana haki ya kuua. Mbona anaugua mara tu baada ya kuua?

Katika riwaya hiyo ya Fyodor Dostoevsky (1866), homa inamwangusha hata kabla polisi hawajamshuku. Vitu alivyoiba anavificha chini ya jiwe, na pochi hata hajaifungua. Nadharia yake ilimlenga Alyona Ivanovna, bikizee mkopeshaji, ambaye Raskolnikov alidai kwamba hana faida kwa yeyote. Lakini shoka lilimwua pia Lizaveta, mdogo wake Alyona kwa baba, mwanamke mpole aliyerudi nyumbani wakati mbaya. Naomba msimsahau, maana muuaji mwenyewe anashangaa kwamba hamkumbuki. Lizaveta alikuwa rafiki wa Sonya, msichana ambaye Raskolnikov anamwungamia kosa lake. Agano Jipya ambamo Sonya anamsomea Raskolnikov kisa cha Lazaro aliletewa na Lizaveta. Anasomewa habari za kufufuka kutoka kitabu cha mtu aliyemwua! Kwangu ukurasa huo una uzito kuliko pale anapopiga magoti katika uwanja wa Sennaya, jijini St Petersburg, akielekea kuungama.

Lakini si ameungama? Mbona mnasema hajatubu?

Kuungama polisi ni jambo moja, kujuta ni jingine. Anahukumiwa miaka 8 Siberia, na akiwa huko bado anaona kosa lake ni kushindwa kustahimili. Moyo unaanza kulainika kurasa za mwisho tu. Dostoevsky hakuyaandika haya kwa kubuni tu: mwaka 1849 alisimamishwa mbele ya askari wa kumpiga risasi, hukumu ikabadilishwa palepale, akatumikia miaka 4 ya kazi ngumu Omsk, hukohuko Siberia.

Je, Tolstoy anamsamehe Nekhlyudov?

Katika Ufufuo (1899), riwaya ya Leo Tolstoy, Nekhlyudov, mwana wa ukoo bora, anakaa mahakamani kama mzee wa baraza, na mshtakiwa ni Katyusha Maslova, binti aliyemtia mimba zamani na kumwachia rubli 100. Nekhlyudov anataka kumwoa ili alipie kosa lake. Maslova anamjibu kwa hasira kwamba alimtumia kwa starehe duniani, sasa anataka kumtumia ajiokoe ahera. Baadaye Maslova anaamua kuwa na Simonson, mfungwa wa kisiasa. Namheshimu sana Tolstoy kwa kumpa mwanamke aliyedhulumiwa neno la mwisho.

Asiyeshika silaha naye ana hatia?

Msomeni Ivan katika Ndugu Karamazov (1880) ya Dostoevsky. Aliondoka akihisi kwamba baba yake yuko hatarini, na Smerdyakov, mtumishi aliyemwua baba huyo, anamwambia usoni kwamba muuaji mkuu ni yeye Ivan. Ivan anakwenda kusema mahakamani akiwa amechanganyikiwa, hawamwamini. Anayehukumiwa ni kaka yake Dmitri, ambaye hakuua.