Jina la kanga na picha yake: kipi kifumbe, kipi kifumbue?

SWALI: Nachora kanga ya kikundi chetu cha wapishi hapa Tanga. Jina, yaani maneno yatakayoandikwa juu yake, ni "Mbuzi wako nazi yangu", tukikusudia mbuzi ya kukunia. Kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, nimechora mbuzi mnyama upande mmoja na mbuzi ya nazi upande wa pili, mchezo wa neno uonekane. Kila ninayemwonyesha husema "nzuri" akanyamaza. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa la kwanza ni la sarufi. "Mbuzi wako" ni mnyama. Cha jikoni ni "mbuzi yako". Kiambishi kimoja tu kimeshalifumbua fumbo, tena kimelifumbua vibaya. Neno hubaki na maana mbili pale tu ambapo hakuna kinachotaja ngeli yake, kwa hiyo ondoa vimilikishi, vionyeshi na vitenzi vinavyopatana nalo. Jaribuni NIPE MBUZI NIKUPE NAZI. Msomaji atashtuka kwanza: nani huyo wa kutoa mbuzi mzima kwa nazi moja? Ndipo macho yapande kwenye picha. "Kaa" nalo lina tabia hiyo hiyo: kaa langu ni la moto, kaa wangu ni wa baharini.

Picha ndiyo kosa la pili, na ndilo kubwa. Ukichora maana zote mbili umechora kamusi. Chora ile isiyomjia mtu kwanza, yaani kile kigoda cha kukunjwa chenye chuma cha meno, na nazi iliyovunjwa. Mnyama asiwepo kabisa. Ukitaka kumdokeza, chora kigoda kwa ubavu, chuma kikiwa kimeinuka mfano wa shingo. Yale meno yapeleke kwenye pindo, yawe safu ya pembetatu.

Sasa vipimo. Kwa kanga ya sentimita 150 kwa 110, pindo la sentimita 15 kila upande linakuachia mji wenye urefu wa 120. Jina hilo lina herufi 19 na nafasi 3. Kila moja ikipata sentimita 4, jumla ni 88. Liweke katikati, juu ya pindo la chini, herufi zikiwa na kimo cha sentimita 5. Usilivute hadi kwenye ncha, maana kanga ikivaliwa ncha hufunikwa na jina hukatika. Nyuma ya herufi pasiwe na maua.

Kila rangi huwa na skrini yake ya kuchapia, hivyo lisome jina herufi moja moja, kutoka mwisho kuja mwanzo, kabla skrini hazijatengenezwa. Jicho linaloijua sentensi halioni NIKUPA mahali pa NIKUPE.

SWALI: Methali ikiwa ndefu niipunguze herufi?

JIBU: Ikate, usiibane. Andika HABA NA HABA, kisha chora kibaba kinachofurika nafaka. Msomaji atamalizia mwenyewe, na picha itakuwa imeshika nafasi ya maneno. Ukiiandika nzima, kibaba kinabaki pambo.

Ila si kila methali hukatika hivyo. Katika "Mwenda pole hajikwai" nusu ya pili ni kikanushi, na picha haina "ha-". Mtu asiyejikwaa, ukimchora, ni mtu anayetembea tu. Methali ya namna hiyo iandike yote, na mji uupambe kwa maumbo ya korosho.