Kuwa nacho si lazima kiwe chako

Umeuliza nikikuazima simu yangu, kisheria nani "anayo", mimi au wewe? Wewe ndo unayo ila mwenyewe bado ni mimi. Shida inaanzia kwenye lugha, ukisema "nina simu" yaweza kuwa umeinunua au ipo tu mfukoni saa hizi, maana kuwa na kitu ni kuwa pamoja nacho, basi. Sheria inatenganisha umiliki na kushikilia, na kwenye kushikilia toka enzi za Warumi wanaangalia mambo mawili, kitu kiwe chini ya mamlaka yako halafu uwe na nia ya kukishika. Ndo maana pesa za kwenye sefu ambayo ufunguo unao wewe tu zinahesabika uko nazo hata kama umesafiri, ila mtu akikutumbukizia bangi kwenye begi bila wewe kujua, nchi nyingi hilo si kosa lako, ingawa kumshawishi hakimu ni kazi nyingine hiyo. Mpangaji naye anashikilia nyumba isiyo yake, na hata mwizi anashikilia. Ya kupagawa na pepo tuyaache, huko wewe ndo unashikiliwa 😂