Sindano na Uzi: Kiua Hakikatwi kwa Mkasi

*Barua za safari hii karibu zote zinahusu kudarizi nyumbani. Tumechagua tatu, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa linaloelezwa ndani yake hufanywa na wengi wanaojifunza bila mtu wa kuwaketisha mkekani na kuwaonyesha.*

Swali: Shikamoo Bibi. Marehemu bibi yangu aliacha kofia ya viua ambayo hakuwahi kuimaliza. Kipande cha kuzunguka kichwa kimekwisha darizi zaidi ya nusu, lakini kile cha juu kina mchoro wa penseli tu. Natamani kuimalizia mwenyewe. Nilijaribu kiua kimoja kwenye kitambaa chakavu, nikakata kitundu kwa ncha ya mkasi, na kabla sijafika nusu ya duara kitambaa kikaanza kufumuka. Nilikosea wapi? — *Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Umefanya vyema kujaribia kwenye kitambaa chakavu, maana kofia ya marehemu haina kipande cha akiba.

Kosa lako ni mkasi. Kiua, yaani kile kitundu kidogo kinachozungushiwa uzi, hakikatwi, bali hutobolewa, na tofauti ya mambo haya mawili ndiyo siri ya kofia nzima. Kitambaa ni nyuzi zilizofumwa kwa kupishana. Ukizikata, ncha zake hubaki zikining'inia na kila mvuto wa sindano huzitoa nje, lakini ukipenyeza kitu chenye ncha ya mviringo, nyuzi husogea pembeni bila kukatika, kisha uzi wako wa kudarizi huzibana zisirudi mahali pake. Tumia shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, au kitu chochote cha chuma chenye ncha laini isiyo na kutu.

Chukua kipande cha pamba nyeupe, ukikunje mara mbili ili kiwe na unene unaokaribia wa kofia, kisha uchore kiduara kisichozidi punje ya mtama. Piga bandi, yaani mishono myepesi ya kushikiza, ndogo ndogo juu ya mstari wa kiduara hicho, kwa kuwa ndiyo itakayozuia tundu lisipanuke. Sasa penyeza shazia katikati, uizungushe kidogo, uitoe. Anza kuzungushia uzi: sindano iingie nje kidogo ya bandi, itokee ndani ya tundu, na kila mshono ulale ubavuni mwa mwenzake bila kuupanda. Vuta kwa nguvu ileile kila mara. Ukivuta kwa nguvu huku na kulegeza kule, kiua kitatoka na umbo la chozi badala ya duara. Ukimaliza mzunguko, pitisha shazia mara ya pili, na hapo utaona nyuzi zikijipanga na tundu likifunguka kama jicho.

Jambo jingine ambalo sikuliona katika barua yako, ila nalitaja kwa kuwa nimekwisha kushika kofia nyingi za wanafunzi: usifunge fundo. Mwanzo na mwisho wa uzi hufichwa kwa kuupitisha chini ya mishono mitatu minne upande wa nyuma. Fundo kwenye kitambaa cha mezani halimdhuru mtu, lakini fundo ndani ya kofia hukaa kwenye paji la uso la mvaaji kutwa nzima, naye atajua tangu siku ya kwanza kwamba mshonaji alikuwa na haraka.

Shona viua thelathini kwenye kitambaa chakavu kabla ya kuigusa kofia. Najua ni vingi, lakini kiua cha thelathini hakitafanana na cha kwanza, na kwenye kipande cha juu, ambacho watu hukiona mtu anapoinama, viua visivyolingana huonekana kutoka mbali. Usijipangie siku ya kumaliza. Kofia ya mkono huchukua wiki nyingi, pengine miezi, hata kwa mwenye uzoefu.

Itakapokwisha, ifue kwa mkono na uikaushe ikiwa imevishwa faruma, kile kifaa chenye umbo la kichwa cha kuvishia kofia, ili isinywee. Kama faruma ya marehemu haipo tena, bakuli au kopo la ukubwa wa kichwa kinachohusika litafaa, mradi lisiwe la bati linaloshika kutu.

Swali: Nimenunua nyuzi za kudarizi na fremu ya mviringo, nikachora ua kwenye fulana ya binti yangu. Likiwa ndani ya fremu lilipendeza mno, lakini nilipoitoa, kitambaa chote kilikunjamana kuzunguka ua. Pasi haikusaidia. — *Mama Neema, Nairobi*

Jibu: Pasi haitasaidia, kwa sababu makunyanzi hayo yameshonwa. Kitambaa cha fulana hunyumbuka. Ulikivuta sana ulipokibana kwenye fremu, ukakidarizi kikiwa kimetanuka, na ulipokiachia kikarudi katika ukubwa wake huku mishono ikikataa kurudi nacho. Kwenye fremu, fulana inyooshwe tu, isivutwe. Kabla ya kuanza, gandisha upande wa ndani kipande cha kile kitambaa kigumu ambacho mafundi cherehani hukibandika kwa pasi ndani ya kola, halafu ukate kinachobaki nje ya ua ukimaliza.

Huenda pia uzi wako ni mnene kupita kiasi. Uzi wa kudarizi unaouzwa kwa vishada huwa na nyuzi sita nyembamba zilizokaa pamoja, nazo hazikukusudiwa zitumike zote kwa kila kazi. Kwa fulana, mbili zinatosha. Kata kipande cha kutoka ncha za vidole hadi kwenye kiwiko, uchomoe uzi mmoja mmoja ukielekea juu, kisha uziunganishe mbili unazozihitaji. Ukijaribu kuzichomoa zote mbili kwa pamoja zitajisokota na utapoteza robo saa ukifumbua. Ua lililokwisha kuharibika lifumue kwa subira kuanzia upande wa nyuma. Mtoto hatajua.

Swali: Ninazo kanga nne kuukuu za mama yangu ambazo hazivaliki tena, lakini majina yake bado yanasomeka. Nataka kuzitumia kutengeneza pambo la ukutani kwa kuunganisha vipande na kuvidarizi. Nahofia kuziharibu, na nahofia nyuzi nyekundu kuchuja. — *Msomaji, Maskati*

Jibu: Hofu ya kwanza ni ya haki. Tandaza kila kanga sakafuni na uitazame kwa siku mbili tatu kabla ya kushika mkasi. Kanga ina pindo, mji na jina, na wengi hukimbilia kukata mji kwa sababu ndio wenye picha. Mimi ningeanza na jina. Likate pamoja na kisanduku chake, ukiacha upana wa vidole viwili kila upande, kisha ufuatishe herufi kwa mishono midogo ya kurudi nyuma kwa uzi wenye rangi iliyokoza kuliko chapa yenyewe. Kama mojawapo ni kanga ya zamani yenye jina la herufi za Kiarabu, anza na nyingine mpaka mkono uzoee, kwa kuwa mikunjo ya herufi hizo huonyesha kila mshono uliopinda.

Kanga kuukuu huwa laini na mara nyingi imelika mahali mtu alipokuwa akiifunga. Inyanyue dhidi ya dirisha. Panapopenya mwanga zaidi ndipo palipochoka. Sehemu hizo zisidariziwe moja kwa moja. Zipigie bandi juu ya marekani au pamba nyingine iliyokwisha kufuliwa, na ndipo udarizi matabaka yote mawili kwa pamoja.

Kuhusu uzi mwekundu, usiamini karatasi iliyozungushiwa kishada. Miaka iliyopita niliuamini mmoja, nikafua kitambaa cheupe cha mezani nilichokishona kwa wiki sita, na mpaka leo kina rangi ya waridi pembe moja. Lowesha kipande cha uzi, kilaze juu ya kitambaa cheupe, ukipige pasi ya moto. Kikiacha alama, loweka kishada kizima katika maji baridi, ubadilishe maji mpaka yabaki meupe, kisha ukianike kivulini na kurudia jaribio. Na ikitokea rangi imechuja kazi ikiwa imekwisha, usiiache ikauke: iirudishe papo hapo katika maji baridi mengi na uendelee kuyamwaga na kuyajaza, maana doa lililokauka ni gumu zaidi kutoka.