Maswali na majibu: setilaiti, mafuriko na maji yetu

Maswali mengi yaliyoingia safari hii yanahusu jambo moja: picha zinazopigwa kutoka angani zinamfaa nini mtu anayeishi bondeni au anayetegemea kisima? Nimejibu yale yaliyojirudia zaidi.

Swali: Mafuriko huja na mawingu mazito. Setilaiti inayaonaje, wakati hata jua halionekani?

Kamera ya kawaida haiyaoni. Ndiyo maana siku za mafuriko kazi huhamia kwenye rada. Setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hutuma mawimbi zenyewe kuelekea ardhini na kupokea yale yanayorudi. Mawimbi hayo hupenya mawingu, na usiku au mchana kwayo ni mamoja. Ardhi yenye mashamba na vichaka huyatawanya, na sehemu yake hurudi angani. Maji yaliyotulia ni laini kama kioo, hivyo huyarusha upande wa pili; hakirudi kitu, na eneo hilo huonekana jeusi. Mchambuzi huweka picha ya kabla ya mvua kando ya ile ya baadaye: palipokuwa pa kijivu na sasa ni peusi, maji yameingia. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Machi 2019, picha za rada ndizo zilizoonyesha jinsi mafuriko yalivyotanda.

Ila rada ina mitego. Lami na mchanga mkavu navyo huwa vyeusi. Mjini mambo hugeuka kabisa: mawimbi hugonga maji, yakagonga ukuta, kisha yakarudi kwa nguvu, hivyo mtaa uliozama unaweza kung'aa. Msituni, chini ya miti, hutokea vivyo hivyo. Ukipewa ramani ya mafuriko inayoonyesha mashamba yote yamezama na mji ulio katikati yake mkavu, muulize aliyeichora kama alilizingatia hilo.

Swali: Je, setilaiti inaweza kututabiria tetemeko la ardhi?

Hapana. Wala hakuna chombo kingine kinachoweza kukutajia siku na mahali. Baada ya tetemeko, rada hupima ardhi imesogea kiasi gani, na njia hiyohiyo hugundua mlima wa volkano unaovimba au mteremko unaotambaa polepole kabla ya kuporomoka. Huo mteremko ndio ningeushughulikia kwanza, kwa sababu watu wanaweza kuhamishwa mapema.

Swali: Kisima chetu kinashuka kila kiangazi. Kuna setilaiti inayoona maji ya chini ya ardhi?

Hakuna inayoyaona, lakini zipo zinazoyapima kwa uzito wake. Kati ya 2002 na 2017 setilaiti mbili za mradi wa GRACE ziliizunguka dunia zikifuatana, zikiwa zimeachana kwa takriban kilomita 220. Ya mbele ikikaribia eneo lenye uzito mkubwa, mvutano wa ardhi huivuta kidogo na umbali kati yake na ya nyuma hubadilika. Badiliko hilo hupimwa kwa mikromita. Mwezi hadi mwezi, uzito ukipungua mahali pasipo na theluji wala ziwa, na unyevu wa udongo ukishaondolewa kwenye hesabu, kinachobaki ni upungufu wa maji ya chini ya ardhi. Ndivyo ilivyobainika, katika utafiti uliotolewa 2009, kwamba akiba ya kaskazini-magharibi mwa India ilikuwa ikinywewa na kilimo cha umwagiliaji. Jozi nyingine ilirushwa 2018 kuendeleza kazi hiyo.

Sasa ubaya wake: setilaiti hizo huona eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja. Kisima chenu hakimo. Kwa kisima tumieni kamba yenye alama na kitu kizito mwishoni. Pimeni alfajiri kabla pampu haijawashwa, tarehe ileile kila mwezi, mwandike daftarini. Mhandisi akija na ramani kubwa, daftari hilo ndilo litakalomwambia kama hali ya eneo zima ni yenu pia, au kama mnavutana maji na jirani aliyechimba karibu.

Swali: Tuliambiwa mvua kubwa inakuja, ikanyesha bonde la pili. Tuziamini vipi tahadhari hizi?

Ziaminini, lakini jueni zinavyotengenezwa. Makadirio ya mvua ya GPM, mradi wa kimataifa wa kupima mvua kutoka angani, ambao setilaiti yake kuu ilirushwa 2014, hutolewa kwa kila nusu saa, kwenye vyumba vya ramani vyenye upana wa kilomita 10 hivi. Mvua iliyong'ang'ania korongo moja la mlimani hupotea ndani ya chumba kama hicho. Makadirio hayo husahihishwa kwa vipimamvua vya ardhini, na hapa ndipo ninapokasirika: kuna watu wanaofunga vituo vya kupimia mvua kwa hoja kwamba setilaiti zinatosha.

Swali: Maji ya bwawa tunalochota yamekuwa ya kijani. Picha zinaweza kusema kama ni salama?

Zinaweza kuonyesha mwani umeanzia wapi na unaenea upande gani. Tope na magugu maji pia huonekana vizuri. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, zenye kamera badala ya rada, huona vitu vya mita 10. Vimelea vya kipindupindu, floridi na aseniki hazivioni, na mwani wenye sumu hautofautishwi kwa rangi na usio na sumu. Pelekeni sampuli maabara, na mpaka majibu yatoke msiyanywe. Kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo.

Swali: Ofisi yetu ndogo haina bajeti. Picha hizi ni bei gani?

Za Landsat, mfululizo wa setilaiti za Marekani ambao umekuwa ukipiga picha tangu 1972, ni bure tangu 2008. Za Sentinel ni bure pia. Kukitokea maafa makubwa, upo mkataba wa kimataifa wa mashirika ya anga, unaofanya kazi tangu 2000, unaotoa picha bila malipo. Lakini ombi hupitia taasisi iliyoidhinishwa, kwa hiyo tafuteni mapema ni ipi katika nchi yenu. Kinachogharimu ni mtu wa kuzichambua na intaneti ya kuzipakulia.

Msianze na picha za leo. Anzeni na ramani ya dunia ya maji ya juu ya ardhi, iliyotengenezwa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kutokana na picha za Landsat za tangu 1984. Inafunguka kwenye kompyuta ya kawaida, na inaonyesha kila kipande cha ardhi kimewahi kufunikwa na maji mara ngapi. Iwekeni juu ya ramani ya viwanja vinavyosubiri kibali cha ujenzi.