Kura 41 kwa Makala Niliyosahau Kuimaliza

Jioni moja ya baridi ya Julai nilikuwa ndani ya matatu ya Umoja, simu imebaki na asilimia 4 ya chaji, nikabonyeza kitufe cha kuchapisha badala ya kile cha kuhifadhi kwenye Hive, mtandao ambako kura za wasomaji humlipa mwandishi. Makala ilihusu Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Kichwa kilikuwepo, picha ya bale la sweta ilikuwepo, aya mbili za mwanzo zilikuwepo, na chini yake nilikuwa nimejiandikia kwa herufi kubwa: HAPA WEKA BEI, MUULIZE TENA YULE MAMA WA SWETA. Simu ikazima.

Nilikuja kuiona asubuhi, nikisubiri chai ichemke. Kura 41. Maoni, hakuna hata moja. Pesa iliyokuwa ikihesabika pale haikupishana sana na ile ya makala niliyoihangaikia Jumamosi tatu mfululizo. Nilifurahi kwa dakika kama mbili hivi, kisha aibu ikanishika, maana nilijua zile kura zimetoka wapi. Zilikuwa za roboti, yaani programu zinazopiga kura zenyewe. Wenye akaunti waliziagiza zamani kwamba jina langu likichapisha chochote, zipige kura. Na jina langu lilikuwa limechapisha chochote.

Kwa asiyeujua mtandao wa aina hii, nieleze kidogo. Hive ulijitenga na Steem, mtandao mwingine wa aina hiyo hiyo, Machi 2020. Steem yenyewe ilianza 2016. Kura ya msomaji huko haiishii kuwa kidole gumba cha kupendezwa, kwa sababu inagawa pesa. Uzito wake unategemea sarafu za kidijitali ulizofungia kwenye akaunti, kwa hiyo kura ya nyangumi, kama tunavyowaita wenye nyingi, inaweza kuzidi ya sisi omena mia moja tukijumlishwa. Makala hulipwa baada ya siku 7. Nusu ya malipo huenda kwa mwandishi, nusu kwa waliompigia kura. Hiyo nusu ya pili ndiyo mzizi wa mambo yote, kwani mpiga kura naye ana mshahara wake pale.

Kisha kuna suala la nguvu ya kura. Ukipiga kura kwa nguvu zote inakatwa asilimia 2 hivi, na akaunti hurudisha asilimia 20 kwa siku, yaani kura 10 nzito kila siku. Ikishajaa haiongezeki tena. Usipoitumia ni kama tangi linalofurika huku bomba liko wazi. Mtu wa kazi za usiku, au mtu kama mimi anayeshinda kwenye ukarani wa stoo Barabara ya Mombasa, atapata wapi nafasi ya kusoma makala 10 kila siku? Ndipo anapoikabidhi programu orodha ya waandishi anaowaamini. Mimi simlaumu. Nami nilifanya hivyo, na bado ninafanya.

Aliyeniingiza huko ni shemeji yangu. Nilipomweleza aibu yangu ya Gikomba alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Sasa shem, si pesa imeingia? Sarafu ni zangu, kura ni yangu. Nikitaka kumpigia mtu hata akiandika nukta moja, nani anikataze?"

Hoja yake ina nguvu, na wengi wanaishikilia. Ila kuna kitu inakiruka. Pesa inayogawanywa kila siku hutoka kwenye mfuko mmoja, nao hauongezeki eti kwa kuwa kura zimekuwa nyingi. Wanaokaa kwenye chama cha kuchangiana pesa watanielewa upesi: kilichomo kwenye kapu ni kile kile, mmoja akibeba kikubwa mwingine anabeba kidogo. Zile senti zilizonijia kwa makala yenye HAPA WEKA BEI zilipunguza fungu la mtu fulani.

Nikaanza kumtafuta huyo mtu fulani. Si vigumu, unafungua makala mpya za siku hiyo hiyo na kushuka chini, chini kabisa. Nilimkuta kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda pale Luthuli Avenue. Alikuwa ameandika namna ya kujua kama kioo ulichobadilishiwa ni cha asili au cha kuiga: uangalie weusi wake ndani ya chumba chenye giza, upitishe kidole pembeni usikie kama kuna mkwaruzo, uulize bei kabla fundi hajafungua simu na uulize tena akishaifungua. Picha alizipiga mwenyewe, kidole gumba kimeingia kwenye mbili. Alikuwa na kura 3, moja yake mwenyewe. Hakuna roboti inayomjua, kwa hiyo kwa mfumo ule ni kama hakuandika.

Hapo ndipo nilipoacha kubishana na shemeji kuhusu roboti ni nzuri au mbaya. Kura ya kujiendesha inalipa jina, na jina ni deni la kazi ya zamani. Mtu aliyeandika vizuri mwaka juzi anaendelea kuvuna leo akiwa amelala, na aliyeanza jana analima changarawe. Gikomba wanayo lugha yao ya jambo hili. Bale likifunguliwa, nguo za kwanza ni kamera, za mwisho ni fagia. Mfanyabiashara hununua bale likiwa limefungwa, kweli, anabahatisha. Lakini sijawahi kuona anayelipia fagia kwa bei ya kamera wiki baada ya wiki kwa sababu tu bale limetoka kwa muuzaji yule yule. Wiki ya pili tu angekuwa kwenye mlango wa stoo ya muuzaji anapiga kelele.

Zamani roboti zilikuwa na kisingizio kikubwa zaidi. Aliyewahi kupiga kura mapema, kabla wengine hawajafika, alipata fungu kubwa la ile nusu ya wapiga kura, na kukawa na mbio za dakika na sekunde ambazo binadamu hawezi. Tangu mabadiliko ya Juni 2021 kwenye Hive, kura zote zinazopigwa ndani ya saa 24 za kwanza zinahesabiwa sawa. Nairudia kwa sababu nakutana na watu ambao bado wameitega roboti ipige dakika ya tano, kama vile ni 2020. Una siku nzima. Unaweza kusoma kwenye foleni ya benki, unaweza kusoma matatu ikiwa imekwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, na hutapoteza hata senti.

Kwa hiyo ukiniuliza ufanye nini, nitakueleza nilivyofanya mimi. Kwanza nilifungua orodha yangu. Nilikuwa na majina 34. Kati ya hayo, 11 sikukumbuka hata wanaandika nini, na mmoja alikuwa amegeuka kuwa mtu wa kubandika picha ya chakula na sentensi moja, kila siku, saa ile ile. Nikafuta mpaka wakabaki 8, watu ninaowasoma hata bila pesa. Hao niliwapunguzia uzito wa kura na kuweka kikomo cha makala mbili kwa wiki kwa kila mmoja. Programu nyingi za kazi hii zinaruhusu, ni vile hatufungui ukurasa wa mipangilio. Nikaichelewesha saa ya kupiga kura pia, ili nikichungulia jioni nipate nafasi ya kuizuia.

Nilijitoa pia kwenye msafara. Msafara ni pale akaunti yako inapofuata kura za mtu mwingine: akipiga, nawe umepiga. Kwangu mimi hiyo ni mbaya kuliko orodha, maana kwenye orodha angalau ulichagua mwandishi. Kwenye msafara umemkodisha mtu kidole chako, naye huenda anafuata msafara wa mwingine. Najua kuna misafara inayoongozwa na watu wanaosoma kwelikweli, hasa ile inayosaidia wageni. Ukitaka kuingia, soma kwanza kura zake za wiki mbili. Ukiona majina ni yale yale 10 yanazungushana, hicho ni chama cha marafiki, na mchango unatoka kwako.

Jambo dogo la usalama, nalipita haraka: programu ya kura inahitaji ruhusa ya kuchapisha tu. Ikikuomba ufunguo unaohamisha pesa, funga ukurasa. Ukiitoa programu, kumbuka kuifuta na ile ruhusa, kuacha kuitumia hakutoshi.

Sehemu kubwa ya nguvu yangu sasa naipiga kwa mkono. Nimejiwekea saa tatu usiku, watoto wakishalala, makala tatu au nne, na moja lazima iwe ya mtu mwenye kura chini ya 5. Siku nyingine nachoka, tangi linafurika, nami naliacha lifurike. Mapato yangu ya kupiga kura yamepungua kidogo. Maoni kwenye makala zangu yameongezeka, kwa sababu unayemwachia neno lenye maana hurudi kukutembelea. Yule kijana wa Luthuli alinijibu kwa swali: kwa nini picha zangu za Gikomba zote nimepiga jua likiwa mgongoni mwa wauzaji? Alikuwa na haki, nyuso zao zilikuwa nyeusi tii. Jumamosi iliyofuata nikarudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikapiga upya, na nikampata yule mama wa sweta akanipa bei.

Shemeji yumo bado kwenye wale 8, ingawa kwa uzito mdogo. Juzi tukiwa kwake aliniuliza, sauti ya mtu anayetania na hatanii, mbona kura yangu kwake imepungua. Nikamuuliza makala yangu ya wiki iliyopita, aliyoipigia kura kwa nguvu zote, ilihusu nini.

Alitazama dari kidogo.

"Shem, ngoja nikuongeze chai," akasema.