Boksi la spana la gereji mpya: mwaga vifaa chini kwanza, ndipo uende dukani

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Unafungua gereji Gungu, una laki nne mkononi, na umekwama kati ya vitu vitatu: kabati jekundu la droo lenye matairi uliloliona dukani, boksi la chuma la kukunjua linalobebwa mkononi, au seremala akuchongee la mbao. Wengi waliokujibu wamekutajia rangi na majina ya kampuni. Mimi nina gereji hapahapa Kigoma mwaka wa kumi na tisa sasa, magari huku Mwanga na mashine za boti kule Kibirizi. Nimemiliki maboksi matano, na mawili kati ya hayo nilikosea kuyanunua.

Kabla hujatoa hata shilingi, tandika turubai chini umwage kila kifaa ulicho nacho. Vipange kwa jinsi unavyovishika kwa siku, si kwa ukubwa. Utaona mwenyewe kwamba kuna kundi dogo ambalo mkono wako hauachi: spana ringi na flati za milimita 10, 12, 14, 17 na 19, racheti ya nusu inchi, bisibisi mbili, plaizi, nyundo ndogo. Hizo namba ndizo riziki yetu kwa sababu gari nyingi tunazoshika ni za Kijapani. Zile 13, 16 na 18 utazitafuta siku ikiingia gari ya Ulaya. Halafu pima kwa futi kamba kile kifaa kirefu kuliko vyote, mara nyingi ni ule mpini wa kufungulia nati za matairi. Kisha nyanyua seti yako yote ya soketi kwa mkono mmoja, usikie uzito wake. Vitu hivyo vitatu, yaani vinavyoshikwa kila saa, kirefu kuliko vyote na kizito kuliko vyote, ndivyo vitakavyokuchagulia boksi. Mimi nilinunua boksi kwanza, nikaja kugundua nyumbani kwamba mpini hauingii hata ukiulaza pembe kwa pembe.

Sasa kabati jekundu. Ninalielewa, kwa sababu na mimi nililipenda. Niliagiza kutoka Dar, likaja na treni, nikaenda kulipokea stesheni na mkokoteni. Lilikuwa na droo saba na lilikuwa zuri kweli. Shida ya kwanza ilianza pale lilipogusa ardhi. Vile vitairi vyake vilikuwa vya inchi mbili, vimetengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji laini, na gereji yangu wakati ule ilikuwa udongo mwekundu na kokoto. Lilizama siku ya kwanza, na kuanzia hapo tukawa tunalibeba watu wawili. Kama sakafu yako haijamwagwa saruji, usilipie matairi. Kama imemwagwa, tafuta matairi ya inchi nne au tano, mawili yanayogeuka kila upande yenye breki na mawili yasiyogeuka, na uhakikishe yamefungwa kwa bolti nne kila moja kwenye sahani ya chuma, si kwa msumari mmoja unaochomekwa kwenye tundu.

Shida ya pili ilikuwa reli za droo. Zilikuwa bati linalosuguana na bati. Dukani droo ikiwa tupu utadhani inateleza kwenye maji. Niliweka seti ya soketi kwenye droo ya chini, na haikumaliza miezi mitatu kabla haijaanza kulala upande mmoja. Tukawa tunaifunga kwa goti. Reli unazotaka ni zile zenye gololi. Utazijua ukivuta droo mpaka mwisho: haikwaruzi, na ukichungulia pembeni utaziona gololi zenyewe zimejipanga. Ukiwa dukani vuta droo yote, weka viganja viwili kwenye ukingo wake wa mbele ukandamize kwa uzito wa mwili, kisha uisukume kushoto na kulia. Muuzaji akinuna, mwache anune. Ikicheza ikiwa tupu, ikijazwa chuma itakufa.

Shida ya tatu ndiyo ingeniumizia mtu. Kijana wangu alikuwa na haraka, akavuta droo mbili za juu kwa pamoja, kabati likamwinamia. Alilizuia kwa paja na tukaliwahi. Kuna makabati yenye kizuizi ndani, ukifungua droo moja zingine zinakataa kufunguka mpaka uirudishe. Jaribu hilo dukani. Kama halina kizuizi, basi vitu vizito vyote vikae chini kabisa na ulifunge ukutani kwa kipande cha chuma.

Na kitasa. Jirani yangu alinunua kabati kama langu. Siku moja alipoteza ufunguo, tukajaribu wangu kwa bahati tu, likafunguka. Tangu siku hiyo sikuwahi kulala na amani. Usitegemee kile kitasa kidogo cha kiwandani. Chomelea pete mbili, juu na chini, pitisha nondo moja mbele ya droo zote, ufunge na kufuli la maana.

Kuhusu unene wa bati, wengi wanadanganywa hapa. Kwenye mabati ya kuezekea sote tunajua kwamba geji 30 ni jepesi kuliko geji 28. Kwenye kabati hesabu ni hiyohiyo: namba ikipanda, unene unapungua. Geji 18 ni kama milimita 1.2, geji 22 ni kama milimita 0.7. Kwa droo za spana ndogo geji 20 inatosha, lakini mwili wa kabati na droo ya chini usikubali chini ya unene wa geji 18. Nenda na vernia yako, kile kifaa cha kupimia unene, upime ukingo wa droo mwenyewe. Rangi nene inaweza kuficha bati jembamba.

Nije kwenye jambo ambalo sijaona mtu akilitaja, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Boksi la gereji kazi yake si kutunza spana tu. Kazi yake ni kukwambia jioni kipi hakijarudi.

Nilitengeneza Hilux ya mteja, kazi ya altaneta. Tulimaliza magharibi, gari likaondoka kwenda Kasulu. Alipofika Kidahwe akanipigia. Spana ringi ya 14 ilikuwa imebaki juu ya injini, ikateleza kwa mtikisiko wa barabara, ikaingia kwenye feni. Feni ilivunjika panga moja, na lile panga likatoboa rejeta. Nilikwenda usiku na bodaboda nikiwa na dumu la maji na tochi. Nakumbuka nilivyoikuta ile spana imekaa kwenye kava ya chini, imepinda kidogo shingoni, ina alama ya rangi ya kijani niliyoipaka mwenyewe ili isiibwe. Rejeta na feni nililipa mimi, na ilikuwa haki yake. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba jioni ile nilifunga boksi bila kujua kwamba kuna kitu kimepungua, kwa sababu ndani mlikuwa mchanganyiko tu, spana juu ya spana kama kuni.

Kwa hiyo ukichagua, chagua boksi lenye droo fupi za kwenda chini na pana za kwenda pembeni. Droo yenye kina cha inchi mbili spana zinalala safu moja na unaziona zote kwa jicho moja. Droo yenye kina cha inchi sita ni shimo la taka. Kisha fanya hivi: chukua mpira wa tyubu ya lori iliyokufa, ukate upana wa droo. Panga spana juu yake, chora kila moja kwa chaki, ukate umbo lake kwa wembe. Paka sakafu ya droo rangi ya njano kabla hujaulaza mpira. Spana isipokuwepo, njano inakuita. Vijana wangu wawili sasa hawaondoki mpaka tufungue droo zote na kutazama kama kuna njano. Inachukua dakika mbili. Tangu tuanze, hatujamwachia mteja spana kwenye gari.

Boksi la kubeba utalihitaji pia, hasa kama una mpango wa kushuka ziwani. Mimi lile la kukunjua, linalofunguka kama ngazi pande mbili, nililipenda kwa sababu kila kitu kinaonekana ukishalifungua. Kwa kazi ya barabarani ni zuri. Kwa boti ni hatari kama lachi zake ni nyepesi. Nilikuwa Kibirizi asubuhi, boti ya dagaa mashine yake imegoma. Mguu mmoja ukingoni mwa boti, mwingine bado kwenye maji, boksi mkono wa kulia. Wimbi dogo tu likapita. Lachi ikaachia, mabawa yakafunguka, nikasikia soketi zinaingia majini moja baada ya nyingine. Vijana wa mwaloni walizamia wakaokoa karibu zote, pale maji ni ya kiunoni na ni meupe. Soketi ya 10 na ya 12 hazikuonekana mpaka leo.

Kwa boti sasa natumia boksi dogo la plastiki ngumu, lisilo na bawa, lenye mfuniko mmoja na lachi mbili za chuma zinazong'ata. Nimetoboa matundu mawili chini ili maji yakiingia yatoke. Ndani naweka vya mashine ya boti tu: spana ya plagi, bisibisi, plaizi, soketi chache, waya, mkebe wa grisi. Lisizidi uzito unaoweza kulibeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika boti.

Kutu. Wewe umetoka Tabora na umeandika kwamba spana zako hazijawahi kushika kutu. Huku ni ziwani, mdogo wangu. Masika yakiingia, boksi la chuma linapoa usiku, asubuhi ukilifungua unakuta umande ndani. Usiweke sponji kwenye droo, sponji inashika maji na kuyabana kwenye chuma. Ndiyo maana nimesema mpira wa tyubu. Boksi lisikae juu ya udongo, liinue kwa mbao, liachie nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani. Usichaji betri karibu nalo, maana ule mvuke wa asidi unakula chuma kimyakimya. Nimeona seti nzima imegeuka kahawia kwa sababu chaja iliwekwa juu ya kabati. Kila Jumamosi futa spana kwa kitambaa chenye oili safi kidogo. Kuna kijana alinifutia kwa mawese kwa sababu yalikuwa karibu. Asubuhi yalikuwa yameganda, na mchana vumbi lote la Mwanga limegandia pale. Oili ya injini au grisi, basi.

Asiyeamini grisi aitazame meli ya Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha kwenye Ziwa Tanganyika hili ili isichukuliwe na adui, mafundi wao waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikutwa ina hali nzuri. Mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka yote ile majini, na wewe unanilalamikia masika moja.

Toki renchi, ile spana ya kukazia nati kwa kipimo, usiitupe pamoja na nyingine. Ikae kwenye kasha lake, na kabla ya kuilaza irudishe kwenye alama ya chini kabisa ya kipimo chake, vinginevyo springi inachoka na kipimo kinaongopa. Fila geji ya kupimia nafasi nyembamba na multimita ya kupimia umeme nazo zipate droo yao ya juu, mbali na nyundo.

Boksi la mbao nalo nisilidharau. La kwanza kabisa nililokuwa nalo ni la mninga, nililitengenezewa na seremala wa Ujiji, na lipo hadi leo. Lakini mbao inakunywa oili na droo zake zinavimba masika, zinakataa kutoka. Mimi nimelibakiza kwa nyundo kubwa, pula za beringi na minyororo, vitu visivyohitaji droo. Ukiwa na fundi mzuri wa mbao na huna haraka, mwambie akutengenezee sanduku la wazi la namna hiyo, lisilo na droo hata moja.

Kwa laki nne yako, ningekuwa mimi, kabati la dukani ningeliacha. Lile ninalotumia sasa nililichomelewa hapahapa mjini na fundi wa mageti. Mwili ni bati la geji 18, fremu ni bomba la mraba, droo tano fupi na moja ya kina chini. Reli zenye gololi nilinunua kwenye duka la vifaa vya makabati ya nyumbani, nikachagua zilizoandikwa uzito mkubwa kuliko zote na droo ya chini nikaiwekea jozi mbili. Mwambie apake rangi ya kuzuia kutu ndani na nje kabla ya rangi yoyote nyingine, hasa kwenye kona alikochomelea, maana wengi wanapaka nje tu. Simama pale siku anapofunga reli, ukiwa na seti yako ya soketi, na usilipe fedha ya mwisho mpaka uijaze droo ya chini na uifunge kwa kidole kimoja. Kinachobaki nunua boksi dogo la plastiki. Na ukishuka nalo Kibirizi, lifunge kamba kwenye mkono kabla hujanyanyua mguu.